Tathmini ya uwanja wa watani zetu wa mwaloni: nyota mbili na nusu, nyingine zimeliwa na ziwa

Wadau, kila siku watu wanasifia mahoteli ya Capri Point hapa Mwanza na sehemu za kula sato, leo mwenzenu naleta tathmini ya uwanja wa mpira, na sio uwanja wowote, ni uwanja wa watani zetu, wale jamaa wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, huko njia ya Airport. Jina la timu sitaji, jina la mwalo sitaji, maana mmoja wa viongozi wao ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu kabisa, na Krismasi tunakula sahani moja. Ila watu wa Ilemela mkisoma aya mbili tu mtashajua ni wapi.

Kwanza muelewe ugomvi ulipo. Sisi ni timu ya mlimani, mtaa wetu uko juu ya mawe, nyumba zimebandikwa kwenye miamba kama kupe, wao wako chini kwenye maji. Wao wanatuita pimbi, sisi tunawaita dagaa, na haya majina tumeyakuta. Sisi uwanja wetu ni wa shule, na kusema ukweli mpira ukitoka upande wa bondeni unateremka mpaka kwenye bati la mzee mmoja ambae haurudishi mpaka apewe buku, ila hayo ni ya kwetu tutayamaliza wenyewe, leo tunaongelea ya wenzetu.

Nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa bonanza, mara ya pili ndondo, yale mashindano ya mtaani, ile ya mtoano, na nawaambia ni kama nilienda sehemu mbili tofauti, kwa hiyo msishangae nikisifia nilichokiponda.

Kufika ni rahisi, unapanda hiace mpaka unaposhuka kwenye njia panda, halafu boda. Boda akikuona una jezi anataka buku tatu, akikuona una ndoo anakupeleka kwa buku, anajua unafuata dagaa, kwa hiyo kuna mwenzetu mmoja siku hizi anabeba ndoo tupu kila mechi ya ugenini. Kiingilio jero. Getini kuna meza tu na dada mmoja mkali, geti lenyewe hakuna wala ukuta hakuna, ukitaka kupita pembeni unapita, ila utaonekana na watu wote na utazomewa, kwa hiyo watu wanalipa. Tiketi hakuna, unagongwa muhuri mkononi, na muhuri wenyewe ni ule ule wa kugongea magunia, nimerudi nyumbani mke wangu ananiuliza leo umepimwa kilo ngapi.

Sasa uwanja. Jamani. Upande wa juu una majani kidogo, upande wa ziwani ni mchanga mtupu, kwa hiyo mchezaji anaanza mbio kwenye majani anamalizia anaogelea. Na kona yao moja haipo. Yani haipo kabisa. Ziwa si mnakumbuka lilivyojaa 2020, watu wakahama nyumba, halafu 2024 likarudi tena, basi kona ya upande ule ilienda na maji na haijawahi kurudi yote, wakachukua kibendera wakakisogeza ndani hatua nne, mstari wa goli ukapinda kama mundu. Mlimani tuna msemo kwamba wale wana uwanja wa kona tatu na nusu. Jioni upepo wa ziwani ukianza maji yanakuja mpaka hapo, mpiga kona anapandisha soksi badala ya kushusha, na nimeona kwa macho yangu kona imechelewa kwa sababu mpira unaelea wenyewe kutoka kwenye alama, refa anaurudisha, unaondoka, anaurudisha.

Mpira ukienda ziwani wana dogo wao na mtumbwi, ndio muokota mipira rasmi, anavaa na kizibao. Huyu dogo apewe nyota zake peke yake kwa sababu anajua mpira kuliko kocha wao. Wakiwa wanaongoza anapiga kasia kama anampeleka bibi harusi, anasimama kidogo anasalimia wavuvi, anachota maji ndani ya mtumbwi, wakiwa nyuma dogo anageuka injini. Tulimlalamikia refa, refa anasema sheria ya mitumbwi hajafundishwa.

Ila kituko chenyewe cha ile mara ya kwanza ni dagaa. Tumefika saa tisa na nusu, mechi saa kumi, tunakuta uwanja umeanikwa dagaa. Nusu ya uwanja nyavu zimetandazwa, dagaa wamelala wanang'aa kwenye jua, kina mama wanawageuza taratibu hawana hata habari na jezi zetu, na wale korongo wakubwa wenye vipara wamesimama pembeni kama waamuzi wa akiba. Nahodha wetu akamuuliza mama mmoja mechi saa ngapi, mama akamjibu kwa Kisukuma kitu kirefu halafu akamalizia kwa Kiswahili, "wakikauka." Ndio ratiba hiyo. Tukangoja mpaka wakaanuliwa, saa kumi na nusu na ushee, na mechi ikachezwa kwenye harufu ambayo jezi zetu mpaka leo zinayo, beki wetu wa kati akianguka anainuka na magamba yanametameta mgongoni kama ametoka kwenye kipaimara.

Na mashabiki. Hapa ndipo tulipopatia raha. Tuliwahesabu. Sisi tulikuwa hiace mbili zimejaa na boda kadhaa, wao tuliwahesabu kichwa kwa kichwa kwa sauti, kila namba kwa kuimba, wakafika arobaini na tatu, na kwenye hao arobaini na tatu kumi na moja ni kina mama wa dagaa ambao walikuwa wamewapa mgongo wachezaji muda wote, na mmoja ni mbuzi, tulibishana tukaamua ahesabiwe kwa sababu alikaa mpaka dakika ya mwisho. Ngoma hawana, tarumbeta hawana, kuna mzee mmoja tu na filimbi ya kuendeshea gwaride. Nyuma ya goli lao la kaskazini kuna jiwe kubwa ndio jukwaa kuu, linaingia watu kama thelathini, siku hiyo lina watoto watano na nguo zimeanikwa. Tulicheka mpaka tukalia. Tukawaimbia waazime watu soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tukawaambia nyie mashabiki wenu wako ndani ya ndoo wanauzwa kwa fungu. Tukashinda mbili moja tukarudi mlimani tunapiga honi barabara nzima, na kwa mwezi mzima mtaani kila mtu akikutana na mtu wa mwaloni anamuuliza tu "arobaini na ngapi?"

Shemeji yangu siku hiyo hakusema kitu. Alikuwa anatabasamu tu, na mimi ningekuwa na akili ningejiuliza anatabasamu nini.

Kabla sijaenda kwenye mara ya pili nimalize mambo ya huduma, maana hii ni tathmini sio malalamiko. Choo hakuna. Ukiuliza unaoneshwa kwa mkono kuelekea kwenye matete, basi. Dada zetu wawili waliokuja na sisi walipewa msaada na mama mmoja wakaenda nyumbani kwake, Mungu ambariki, ila mgeni asiye na bahati ataumia. Na msijitie kunawa miguu ziwani kisa mchanga, kichocho kipo na hakiulizi unashabikia nani. Kivuli kuna mwembe mmoja upande wa mashabiki wao, wa kwetu kuna jua. Lile jiwe mpaka saa kumi bado lina moto, ukikaa unageuka kila baada ya dakika mbili kama chapati. Usalama ni mzuri, nasema kwa haki, kelele na matusi ya kawaida tu, sijaona mtu akiguswa, na nilisahau simu kwenye jiwe nikaikuta.

Chakula sasa. Hapa niseme polepole kwa sababu kamati yetu inasoma. Chakula cha wale watu ni balaa. Kuna mama anakaanga mihogo kwenye karai chini ya ule mwembe, mihogo inapasuka katikati inakuwa kama unga, anakuwekea kachumbari na pilipili ya kusaga ambayo machozi yanatoka halafu unarudisha mkono. Jero unashiba. Pembeni yake kuna mwingine wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, wakavu kabisa mpaka mifupa unatafuna, na bibi mmoja ana chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yani michembe na chai ya tangawizi ukiangalia ziwa saa kumi na mbili jua linashuka upande wa Sengerema, mtu unasahau mmefungwa ngapi. Kwetu mlimani siku ya mechi kuna barafu za ukwaju na karanga, na karanga zenyewe anauza kipa wa akiba. Kwenye chakula tumepigwa tano bila, tukubali yaishe.

Mara ya pili.

Ndondo, mtoano, mechi moja tu, uwanja umepangwa kwao kwa kura. Sisi tumejiandaa na wimbo wa arobaini na tatu, tumetengeneza na bango, tumebeba mpaka mbuzi, mbuzi halisi, tumemvalisha skafu, kijana mmoja kampakata kwenye hiace toka mlimani, lengo ni kuwaambia tumewaletea shabiki wenu mwingine. Tunashuka kwenye boda, dagaa hakuna. Uwanja mweupe, umefagiwa. Mtu wa kwanza kushtuka ni mwenyekiti wetu, akasema mbona leo hawajaanika. Na kabla hajamaliza tukasikia ngoma, na ngoma haitokei barabarani, inatokea ziwani.

Wakaja na mitumbwi, wazee. Mimi nimekaa Mwanza maisha yangu yote sijawahi kuona mashabiki wanakuja mpirani kwa maji. Mitumbwi ya dagaa ile mirefu, imejaa watu wamesimama, wanaume wa makambini, wengine wametoka visiwani huko, ngoma kubwa mbili, madebe, maboya ya plastiki wanayagonga, na taa zao zile za sola za kuvulia wamezibeba juu kama ushindi wameshaupata. Lile jiwe likajaa, mwembe ukajaa mpaka juu, walioshindwa kupata nafasi wakabaki kwenye mitumbwi wametia nanga nyuma ya ile kona iliyoliwa, wanaangalia mpira wakiwa wanaelea. Sisi na bango letu la arobaini na tatu tukalikunja. Mbuzi nae akanyamaza.

Nikamtafuta shemeji. Nikamkuta kwenye mihogo. Nikamuuliza shem hawa watu mmewatoa wapi, akanionesha juu, saa kumi na moja kasoro hiyo jua bado lipo, na mwezi mweupe umeshatoka upande wa pili, umebakiza kidogo tu uwe duara kama sinia.

"Ile siku mlikuja giza," akaniambia.

Ndio nikaelewa, na nikajiona mjinga kwa sababu nimezaliwa kwenye ukanda huu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, samaki anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa wanashona nyavu na kupumzika. Kwa hiyo giza likiwepo wanaume wote wa pale saa kumi jioni wanajaza mafuta na kupakia nyavu, na uwanja umejaa dagaa wa usiku uliopita, mbalamwezi ikiwepo dagaa hakuna na watu wote wapo. Sisi tuliwahesabu siku ambayo watu wako kazini, halafu tukatunga na wimbo. Ni sawa na kwenda nyumba ya mtu saa nne asubuhi ukacheka kwamba hana watoto.

Nikajitetea. Nikamwambia shem, timu inayotegemea mwezi sio timu, sisi wenzenu tuna Kirumba, uwanja wa watu 35,000, sisi tuna Pamba, timu ya Mwanza, TP Lindanda wenyewe, ubingwa wa ligi wa 1990, nyie mna jiwe. Hapo nilikosea. Huyu bwana akishika muhogo mkononi hana haraka.

Akaniuliza, Kirumba inajaa lini? Nikanyamaza. Akasema nikusaidie, inajaa siku mbili kwa mwaka, anapokuja Simba na anapokuja Yanga. Akasema Pamba alishuka 2001, tumekaa miaka 23 tunalia Pamba yetu Pamba yetu, karudi Ligi Kuu 2024, mechi ya kawaida na timu ya mkoani huko unaenda unakuta majukwaa ya mzunguko watu wanalala, Novemba Simba kaja hapo hapo Kirumba kashinda kimoja cha penati, na uwanja ulilipuka kama vile goli ni la nyumbani. Halafu akaniangalia akaniuliza taratibu, "Na wewe shem siku ile ulivaa nini?"

Wadau nitasema ukweli. Nilivaa ya Pamba juu, ndani nilikuwa na nyekundu ya Simba. Goli lilipoingia sijui nani aliipandisha ile ya juu.

Hakuishia hapo. Akarudi kwa Mbao, 2017, nusu fainali ya kombe la FA, Mbao anamtoa Yanga moja bila Kirumba, timu ya mtaani kwetu kabisa, na kuna watu wa Mwanza walirudi nyumbani wamenuna kama wamefiwa. Ikaenda fainali Dodoma na Simba, ikafungwa mbili moja dakika za nyongeza, kuna wengine wa Mwanza wakashangilia. Mwaka huo huo Toto African akashuka, mtoto wa Yanga huyo, hata jina lenyewe kila mtu alikuwa anamtania nalo. 2020 Mbao na Alliance wakaenda kwa pamoja. Akasema sisi hapa mashabiki wetu wanafuata mwezi, na mwezi unarudi kila mwezi, nyie wa kwenu wanafuata ratiba ya timu za Dar. Mama wa mihogo akacheka mpaka akaweka upawa chini. Akaniongeza kipande kimoja bure, cha pole, akasema "kula ng'wanawane," yani mwanangu.

Mechi yenyewe sitaki kuiongelea sana. Tulifungwa tatu moja. La kwanza lilitokana na kona ile ile ya majini, mpiga kona kapandisha soksi, kipa wetu anaangalia mitumbwi. La pili ni kosa letu. La tatu lilikuwa la kuotea na nitalala nalo kaburini, mshika kibendera alikuwa amegeuka anaangalia ngoma. Dogo wa mtumbwi siku hiyo kwa mara ya kwanza aliegesha kabisa, mpira uko majini yeye anakula miwa. Na zile kelele, jamani, kelele za ziwani sio za mlimani, sauti inagonga kwenye maji inakuja yote kwa mpigo, beki zetu walikuwa wanaitana kwa ishara kama mabubu. Filimbi ya mwisho ikapigwa wakaanza kuhesabu. Walituhesabu sisi. Kichwa kwa kichwa, kwa wimbo wetu wenyewe, tukafika hamsini na nane, na hamsini na tisa ni mbuzi. Mbuzi tulimuacha kule, kijana anasema alimponyoka, mimi naamini alihama timu.

Kwa hiyo nyota. Uwanja wenyewe nyota moja, na hiyo ni ya lile jiwe, likipoa. Choo sina cha kuweka. Chakula nyota tano, nikigawa na mambo mengine naona inabaki moja na nusu, kwa hiyo jumla mbili na nusu, na dogo wa mtumbwi apewe mkataba mahali. Ukitaka kwenda kucheka nenda siku za giza, vaa viatu usivyovipenda, ukitaka kwenda kuona mpira nenda mbalamwezi, fika mapema mihogo inaisha dakika ya sitini, na msibebe mnyama.

Marudiano ya kirafiki ni kwetu mlimani mwezi ujao. Katibu wetu, ambae siku hizi anatembea na kalenda yenye alama za mwezi mfukoni, ameandika barua rasmi kuomba mechi ichezwe tarehe za giza. Majibu yamekuja jana kupitia kwa dada yangu, kwenye kikaratasi, ndani ya ndoo ya dagaa: hamna shida, tutakuja na taa.